Injini ya Kilima cha Mama Mkwe

Nthiwa wa Emali hakuanza na magari ya chuma. Alianza na magari ya mti. Wachongaji wenzake walikuwa wakichonga twiga na vifaru vya kuuzia wageni wa barabara ya Mombasa, lakini mkono wake yeye ulijua gari moja tu, na ukiuambia uchonge kitu kingine ulichonga kwa uvivu. Ilikuwa gari ya viti viwili, haina paa, pua ndefu, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka.

Gari yenyewe aliiona mara moja maishani. Alikuwa kijana. Mgeni mmoja alisimama nayo kando ya barabara ikitoa mvuke, akaomba maji ya rejeta, na Nthiwa akakimbia na debe. Hapo palikuwa na msichana anaitwa Mbinya, aliyetoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, kuja kumsaidia shangazi yake kwenye hoteli ya chai. Wakingoja injini ipoe, yule mgeni akamwambia msichana aketi ndani. Mbinya akaketi, akashika usukani, akacheka. Nthiwa amesikia vicheko vingi tangu siku ile, lakini hicho ndicho alichokioa.

Mbinya hakurudi kwao. Siku Nthiwa alipokwenda kujitambulisha kwa mama yake, alikwenda na mjomba mmoja, wakapanda lori mpaka huko mbele ya Ikutha, halafu wakashuka, wakakipanda kilima kwa miguu. Kilima chenyewe kilikuwa mawe juu ya mawe, na jua la kule halina huruma. Walipofika juu, mama yake Mbinya, mjane anaitwa Ndunge, hakutoka nje. Alizungumza akiwa ndani ya nyumba, kwa sauti ya kusikika na majirani.

"Mwambieni huyo kijana, alimwokota msichana wangu njiani kama kuku. Siku atakapomrudisha hapa ameketi kwa gari, siku hiyo nitamtolea kiti."

Majirani walicheka. Hata mjomba alicheka, akaficha mdomo. Nthiwa hakucheka. Aliteremka kile kilima na maneno yale, na hakuyaweka chini tena.

Mbuzi za ndoa zilipelekwa baadaye na wazee, zikapokewa vizuri, ndoa ikawa ndoa. Lakini Nthiwa mwenyewe hakukanyaga kule tena. Mbinya alikuwa akienda peke yake, kwa basi. Akirudi, mumewe alimuuliza, "Mama hajambo?" na yeye alijibu, "Hajambo." Basi. Kwa Wakamba heshima ya wakwe, nthoni, si mchezo. Mwanamume hamtaji mama mkwe ovyo, wakikutana njiani kila mtu anapisha kichakani, na mtu mwenye kidonda kama cha Nthiwa alipata katika heshima hiyo mahali pazuri pa kujificha. Maneno yakawa hayo mawili kwa miaka yote, mpaka Kanini, mtoto wao, akakua, akaolewa Mombasa.

Nyumba ilipobaki na watu wawili, Nthiwa akaanza kujenga gari.

Hakuwa na mchoro. Alichukua fremu ya chini ya pikapu iliyokufa, akaikata, akaifupisha, akaichomelea upya. Halafu akafanya jambo ambalo mafundi wa Emali walikuja kulitazama wakinywa soda: alichonga gari nzima kwa mti wa mukau, kubwa kama gari ya kweli, kipande kwa kipande, ili alaze mabati juu yake na kuyagonga mpaka yafuate umbo. Fundi mwingine angepiga bati kwa kukisia. Nthiwa alikuwa mchongaji. Bati kwake lilikuwa ngozi tu, na ngozi haina sura bila mfupa. Alipomaliza na kuipaka rangi ya kijani, watu wa zamani waliomkumbuka yule mgeni walisema, ndiyo hiyo.

Ilibaki injini.

Emali mtu wa injini ni Muigai. Wazazi wake walitoka Murang'a kuja kufanya biashara kwenye hii barabara, naye alizaliwa hapa, anaongea Kikamba cha kutukana na cha kubembeleza. Ana kibanda kimejaa injini za magari yaliyoumia. Alimtolea Nthiwa mbili. Moja ndogo, ya ujazo wa elfu moja na mia tatu, ilitoka kwa gari dogo la mwalimu. Nyingine kubwa, ya elfu mbili, nzito, ndefu kama jeneza la mtoto.

"Mzee, usinisumbue, chukua hii ndogo," Muigai alisema. "Hesabu si ukubwa wa injini peke yake. Ni injini na mzigo wake. Hii gari yako ni nyepesi kama ungo. Ukiifunga hii ndogo, itaruka."

"Mimi sitaki kuruka. Nataka kupanda."

"Kupanda wapi?"

"Kwa mama mkwe."

Muigai alicheka mpaka akashika mlango wa kibanda. "Wewe na hayo meno yako matatu, bado unaogopa mama mkwe?"

"Wewe hujui hicho kilima."

"Sawa. Basi weka ndogo halafu uweke difu ya pikapu, ile gia ya ekseli ya nyuma yenye kuvuta. Mbio utapoteza kidogo, lakini nguvu ya kupanda utapata. Hii kubwa itakusumbua. Itataka springi zingine, breki zingine, na boneti haitafunga. Na huko nyuma gari haina uzito, kwenye changarawe itakutupa kama punda."

Yalikuwa maneno ya mtu anayejua kazi yake, na Nthiwa aliyakubali. Akafunga injini ndogo, difu akasema itangoja. Gari ikawaka, ikazunguka kiwanja, na kuku wakakimbia. Mbinya alitoka jikoni na unga mikononi.

"Baba Kanini! Kumbe inatembea?"

"Ingia."

Aliingia na aproni yake. Walizunguka kiwanja mara kadhaa, polepole, yeye ameshika kitambaa cha kichwa kwa mkono wa unga. Hakucheka kama zamani. Aliitazama ile pua ndefu mbele yake, halafu akasema, "Mama akiiona hii." Hakumaliza.

Kama safari ingekuwa Jumapili iliyofuata, leo kusingekuwa na la kusimulia. Mzee alitaka kwanza kuijaribu mahali penye mpanda wa mlima. Siku ya soko alimchukua Muigai, wakaenda mpaka kwenye milima ya Mukuyuni. Huko, kwenye mpanda, kukiwa na jua la saa saba na wanaume wawili wenye matumbo, injini ilianza kulia. Akashuka gia ya pili, akashuka ya kwanza. Rejeta ikaanza kutoa mvuke. Wamama waliokuwa wakitoka sokoni na mizigo ya ndizi wakawafikia, wakawapita.

"Mzee, hiyo ni gari ama ni kiatu?" mmoja aliuliza.

"Ni kiatu," mwenzake akamjibu, "lakini mguu haumo!"

"Shukeni muisukume, maskini! Tuwapokee mzigo?"

Muigai alicheka nao, akawajibu kwa Kikamba neno moja lililowafanya waweke mizigo chini kucheka vizuri. "Ni difu tu, mzee," alisema. "Nimekwambia tuweke ile ya pikapu. Na rejeta ni ya mwalimu, imeziba kama pua ya mtoto. Kazi ya siku mbili tatu."

Lakini Nthiwa alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa amesimama kando ya barabara ya Mukuyuni, na masikio yake yalikuwa kule kwingine, juu ya mawe, ambako majirani walicheka na mjomba akaficha mdomo. Katika mawazo akamwona Mbinya ameketi kwenye gari ya kijani katikati ya kilima, mvuke unatoka, na watu wa kwao wanateremka kuja kusukuma.

"Nipe ile kubwa," alisema.

"Mzee."

"Nimesema nipe ile kubwa."

Injini kubwa ilifanya yote Muigai aliyoyasema. Springi zililala, zikabadilishwa. Breki zikabadilishwa. Na boneti haikufunga. Injini ilikuwa imesimama juu ya mstari wa boneti kwa upana wa kiganja. Muigai alimwambia atoboe boneti, aweke kifuniko kidogo cha kupumulia, wengi hufanya hivyo. Nthiwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa atoboe shavu la mtoto. Ukiinua boneti umebadilisha pua, ukibadilisha pua taa zimekaa vibaya, na taa zikikaa vibaya hiyo si gari ile. Akatupa mbao zote za mbele. Akaenda kutafuta mukau mwingine mkavu, akaanza kuchonga upya, kwa tezo na patasi, kuanzia kioo mpaka bampa, ili pua yote iinuke pamoja na umbo libaki lile lile.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, mti ukanyonya maji, ukapinda. Akauacha ukauke. Akaanza tena.

Siku moja Mbinya alikuja karakana na simu mkononi. Mutisya, ndugu yake mdogo anayekaa na mama, alikuwa amepiga.

"Baba Kanini, Mama anauliza mnakuja lini."

Nthiwa aliinamisha uso kama ilivyo adabu mama mkwe anapotajwa. "Hajambo?"

"Miguu imevimba. Anakula kidogo. Anauliza mnakuja lini."

"Injini bado."

"Si ilikuwa inatembea?"

"Ile ilikuwa ndogo."

Mbinya alisimama kidogo, akatazama injini, akatazama mbao, akatazama mgongo wa mumewe. Alikuwa mwanamke ambaye amejifunza kwamba habari ya kwao ikitajwa hapa hewa inakuwa nzito. Alidhani mumewe anaogopa. Alidhani injini ni njia ya mwanaume ya kusema bado sijawa tayari, na mtu huwezi kumvuta kwa kamba. Akarudi jikoni.

Mutisya alipiga tena, na tena. Kila mara Mbinya alileta swali, na kila mara jibu lilikuwa boneti.

Mama Ndunge alifariki asubuhi moja, mapema, wakati wa kukamua ng'ombe. Boneti ilikuwa imekwisha siku hizo hizo, imekaa juu ya injini kubwa bila nafasi hata ya kupitisha ukucha, bado haijapakwa rangi.

Walikwenda mazishini kwa pikapu ya Muigai, Muigai mwenyewe akiendesha, Mbinya katikati, Nthiwa dirishani na koti lake la kanisa. Gari ya kijani ilibaki karakana imefunikwa turubai. Hakuna mtu wa Emali aliyethubutu kuuliza kama wangeenda nayo. Walipita Kibwezi, wakaacha barabara ya Mombasa, wakavuka Athi, na lami ikaendelea mbele yao, nyeusi, laini, mpaka Ikutha na mbele yake. Habari ya hiyo lami Nthiwa alikuwa ameisikia, kila mtu ameisikia. Yeye hakujali lami. Alikuwa anangoja kilima.

Alikiona kwa mbali, akakitambua kwa bega lake moja lililokatika.

"Muigai, punguza. Kuna njia ya mkono wa kulia, imejificha. Ukianza kupanda usibadilishe gia."

"Simama hapa," Mbinya akasema.

Muigai akasimama. Hapo kando ya lami palikuwa na nyumba ya matofali, tangi la maji, na watu wengi wameketi chini ya hema la mazishi.

"Si hapa," Nthiwa alisema. "Ni kule juu."

"Ni hapa."

"Na kilima?"

"Kilima gani?" Mbinya alikuwa ameshashika mlango. "Mama alishushwa kutoka huko kitambo. Walipochimba kisima hapa chini Mutisya akamjengea hapa. Magoti yake yalikuwa yamekataa. Huko juu hakuna mtu, ni mbuzi tu."

Muigai alikuwa mtu wa mdomo, lakini alizima injini ya pikapu, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele. Barabara ilikuwa imelala pale tambarare, kutoka Kibwezi mpaka mlangoni. Ile injini ya mwalimu ingefika hapa ikiimba.

Mutisya alikuja kuwapokea. Ni mtu mpole, macho yalikuwa mekundu. Alimshika shemeji yake mkono, akamwongoza pembeni, mahali penye kivuli cha nyumba. Palikuwa na kiwanja kidogo kilichosawazishwa, hakina jiwe wala jani, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

"Hapa ndipo gari yako ingekaa, shemeji," Mutisya alisema. "Mama alitusumbua na hapa! Kila Jumamosi, fagia hapo, mkwe wangu ataweka wapi gari? Tulimwambia, Mama, akuje tu hata kwa bodaboda, tumpigie simu tumwambie. Akakataa. Alisema mwacheni, ananijengea gari, msimharakishe. Alikuwa anacheka vile alikutukana ukiwa kijana. Alisema, mimi nilisema ujinga, na yeye akashika ujinga wangu akaufanya kazi." Akajifuta uso. "Hata kiti chako alikinunua."

Kiti kilikuwa pale ukutani, cha mbao, cha mikono, hakijakaliwa. Siku ile kilikaliwa na mzee wa kanisa, kwa sababu viti havikutosha.

Nthiwa alimzika mama mkwe wake akiwa amesimama nyuma ya watu wote, mahali ambapo mkwe asiyekaribishwa husimama. Hakulia pale. Alilia wakati wa kurudi, walipokuwa wanavuka Athi, bila sauti, uso dirishani, na Mbinya akamgeukia.

"Hukuniuliza," alisema. "Muda wote huo uko na mbao zako, hukuniuliza mama yangu anakaa wapi."

"Na wewe hukusema."

"Ungesema kilima, ningekwambia hakuna kilima. Wewe ulisema injini. Mimi najua nini ya injini?" Sauti yake ilipanda, halafu ikakatika. "Nilifikiri hutaki kwenda, Baba Kanini. Mama alikuwa ananiuliza, na mimi nilikuwa nakusitiri. Namwambia amekaribia, amekaribia. Nami ndani yangu najua hutaki."

"Nilitaka."

"Sasa najua."

Muigai aliendesha mpaka Emali bila kuwasha redio.

Kwa miezi kadhaa turubai haikuguswa. Halafu siku moja Nthiwa alimwita Muigai, wakatoa injini kubwa, wakarudisha ndogo. Muigai hakusema lolote la kumkumbusha. Aliosha rejeta yeye mwenyewe, akaleta ile difu ya pikapu, na mzee akatikisa kichwa.

"Ya nini? Hakuna mpanda."

Boneti mpya ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko haja ya injini ile. Ndani palibaki pengo, na gari ikikimbia bati liliguna juu ya uwazi wake. Angeweza kurudisha boneti ya kwanza. Hakuirudisha.

Waliondoka alfajiri, yeye na Mbinya. Mbinya alivaa kitambaa chekundu akakifunga vizuri chini ya kidevu. Kule Kibwezi watu wa kuuza vitunguu waliacha kupanga mali yao, wakapiga miluzi, mmoja akauliza kwa sauti, "Nyanya, unapelekwa harusini?" na Mbinya akampungia mkono, kwa sababu angemwambia nini. Injini haikulalamika. Ilivuka Athi, ikapita Ikutha, sauti moja tu, gia ya juu, sindano ya joto imelala mahali pake. Na kila mahali ilipokwenda vizuri ndipo mzee alipoumia. Alitamani ikwame. Angepata hata mvuke kidogo, hata kulia kidogo kwa gia ya pili, angejiambia kwamba alikuwa na sababu.

Walipofika, kile kiwanja kidogo kilikuwa kimeota majani. Mbinya alishuka, akasema, "Ngoja," akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ufagio. Akafagia. Alifagia akiwa ameinama, na kitambaa chake cha safari, mpaka udongo ukatoka mwekundu na yale mawe ya chokaa yakaonekana yote. Halafu akasogea kando, akamwita kwa mkono, njoo, njoo, njoo, kama utingo. Nthiwa akaingiza gari polepole katikati ya mawe. Ilitosha sawasawa.

Akazima.

Kutoka pale kaburi lilionekana, na mlango wa nyumba ulionekana. Mutisya alikuwa amekibeba kile kiti cha mikono, akakitua mlangoni, akaondoka. Kwa desturi yao mkwe hashuki mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Nthiwa alikitazama kile kiti. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Shuka, Baba Kanini," Mbinya alisema.

"Ngoja kwanza injini ipoe."

Mbinya aliweka kiganja chake juu ya boneti, palepale kwenye pengo. Bati, mbali na injini, lilikuwa baridi. Hakumwambia. Aliegemeza ufagio kwenye gari, akaingia tena upande wake, akaketi, wakangoja.